Begi Moja Jepesi, Migongo Mitatu

Hapo zamani, tena zamani ya karibu tu, wakati simu zilikuwa zimeshafika milimani lakini mtandao ulikuwa bado unakuja na kuondoka utakavyo, aliishi huko Upare mwanamke mmoja jina lake Nanzia. Kijiji chote cha Mvuruko kilimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa na watoto wa kaka zake, na hao walimtosha kwa kelele.

Shangazi Nanzia alipenda kutembea. Simaanishi kutembea kwenda sokoni au kanisani, huko hata mimi nakwenda. Yeye alitembea ili atembee. Kila mwaka, masika yakiisha na njia zikikauka, yeye na mumewe, Mzee Elinihaki, walipanda hadi kilele cha Ngologolo, wakala makande yaliyopoa, wakaitazama tambarare kule chini, kisha wakashuka. Majirani waliuliza, "Kule juu mnafuata nini?" Mzee Elinihaki akajibu, "Njaa." Na kweli, walirudi na njaa kali.

Mzee akafariki. Mwaka ule Shangazi hakupanda. Mwaka uliofuata masika yalipoisha, akawaita watoto watatu wa kaka zake, wote wakubwa, wote wenye miguu mizima. Akawakalisha jikoni na kuwaambia, "Wanangu, nataka kwenda Ngologolo. Goti langu la kushoto limeanza kunung'unika. Kupanda nitapanda, ila kubeba siwezi. Nani atanibebea?"

"Mimi," akasema Namkunda.

"Mimi," akasema Mbonea.

Kajiru alikuwa na muwa mdomoni. Akainua mkono.

"Basi nyote," Shangazi akasema. "Kila mtu atafute begi lake la mgongoni. Nendeni mnadani Jumamosi. Lakini kwanza jueni mnabeba nini, ndipo mtafute begi. Msinunue begi halafu mkaanza kulitafutia vitu."

Sasa niwaeleze hao watatu, msije mkawachanganya.

Namkunda alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu na mwepesi wa mdomo. Mnadani aliyapita mabegi makubwa bila hata kuyasalimia. Akakiona kibegi cha kitambaa laini, hakina fremu, hakina vyuma, kina mkanda wa kifuani na vifuko viwili vya chupa za maji. Akakining'iniza kwenye kidole kimoja.

"Hiki," akasema.

"Hicho ni cha kwendea shule, dada," muuza mitumba akamwambia. "Kitakuangusha."

"Kitaniangusha nikikijaza mawe. Mimi nabeba maji, kofia, koti la mvua, mkate na filimbi. Kwa nini nibebe begi zito kabla hata sijatia kitu ndani?"

Mbonea hakununua kitu. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, anarudi kuutazama. Yeye alichukua shanta la zamani la baba yake, la turubai nene na fremu ya chuma, ambalo likiwa tupu tu lilikuwa na uzito wa mbuzi mdogo. Akatia mablanketi mawili, turubai, sufuria, jiko dogo la gesi, chupa ya chai ya tangawizi, bandeji, kisu, viatu vya akiba, sukari, chumvi, na pilipili.

"Pilipili ya nini?" Namkunda akamwuliza.

"Je, ikihitajika?"

Kajiru alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Alikuwa ameahidiwa kazi ya upagazi kwenye ule mlima mkubwa wa watalii, na sharti la kazi lilikuwa moja: uje na begi lako mwenyewe, imara. Kwa hiyo alichimba mashimo ya vyoo vya watu msimu mzima, na pale mnadani akatoa alichokusanya chote. Akataka kuchukua begi la kijani lenye mifuko mingi, Namkunda akamzuia.

"Acha hilo. Halina mkanda wa kiunoni. Uzito wote utakulalia mabegani. Chukua hili jekundu, ona mkanda wake ulivyo mpana. Funga. Unaona? Mzigo unakaa kwenye nyonga."

Kajiru akafunga, akatembea hatua chache, akatabasamu. Begi jekundu likawa lake. Usiku alilitundika karibu na kitanda.

Siku ya safari wakaondoka alfajiri. Kabla hawajatoka, Namkunda aliupima mzigo wa Shangazi kwa mkono, akachomoa koti zito la sufi.

"Shangazi, hili la nini? Angalia mbingu zilivyo safi. Litatuongezea mzigo bure."

Shangazi akatazama juu. Mbingu zilikuwa safi kweli. "Haya, liache," akasema. Koti likabaki kwenye kiti.

Wakapanda. Namkunda mbele, anaruka mawe kama swala. Shangazi nyuma yake, na fimbo yake, anahesabu ndege kwa majina. Kajiru nyuma ya Shangazi, kimya. Na Mbonea nyuma kabisa, anahema, sufuria inagonga jiko, jiko linagonga fremu, kang'a, kang'a, kang'a, hata nyani wakatoka kutazama kuna nini.

"Mbonea, ficha hivyo vyombo kichakani, utavichukua ukirudi!" Namkunda akapiga kelele.

"Siachi kitu," Mbonea akajibu, alipopata pumzi ya kujibia.

Wakamsubiri kwenye kona. Wakamsubiri kwenye kivuko cha kijito. Wakamsubiri kwenye mteremko wa mianzi. Walipofika kileleni jua lilikuwa limeshapita utosi, wakati Mzee Elinihaki siku zote alitaka saa hiyo watu wawe wameshaanza kushuka.

Juu ya Ngologolo, Shangazi akakaa kwenye jiwe pana, upande mmoja wa jiwe, akaacha upande wa pili wazi. Hakuna aliyekaa pale. Akala makande yake polepole. Halafu akasema, "Nimefika, mume wangu," akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akawageukia wale watatu na kuwauliza kama hakuna chai. Mbonea akamimina chai. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyemcheka.

Wakaanza kushuka, na ukungu ukaanza kupanda. Wakakutana katikati.

"Tumechelewa," Shangazi akasema.

Kajiru, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema, "Kuna njia ya mkato. Kupitia korongoni. Nimepita na wakata nyasi."

Wakamfuata Kajiru. Korongo lilikuwa na mawe yenye utelezi, na mvua ikaanza, kwanza manyunyu, kisha mvua ya kweli, ile inayopiga kichwa. Shangazi akaweka fimbo kwenye jiwe, jiwe likageuka. Akaanguka. Wote walisikia mlio, na wote walijua kwamba haukuwa mlio wa tawi.

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na mfupa ulikuwa umepasua ngozi. Damu ilitoka na maji ya mvua yakaibeba.

Shangazi hakulia. Alisema tu, "Goti bovu limepona, mguu mzima ndio umevunjika. Mambo gani haya?" Kisha uso wake ukawa wa rangi ya majivu.

Mbonea akafungua shanta. Sasa ile mikono ya wasiwasi haikuwa na wasiwasi hata kidogo. Akatoa bandeji, akafunga, akakaza. Akatoa viatu vya akiba, akauegemeza mguu katikati yake na kuufunga usicheze. Damu ikapungua, lakini haikukoma.

Simu zikatolewa. Mtandao hakuna. Kituo cha walinzi wa msitu kilikuwa chini kabisa, mahali msitu unapoishia, na hapo palikuwa na gari.

"Mtu akimbie," Kajiru akasema.

Wakamtazama Namkunda. Namkunda akatazama msitu.

Hapa lazima niwaambie jambo. Namkunda alipokuwa mdogo aliwahi kupotea katika msitu huohuo, akalala humo peke yake, akapatikana kesho yake akiwa hawezi kusema. Tangu siku ile hakuwahi kuingia msituni bila mtu. Mbio zake zote za mbele, kama mlikuwa hamjaona, zilikuwa mbio za mtu anayesikia wenzake nyuma yake.

"Ukungu huu," akasema. "Sioni hata mti wa tatu."

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "kama huwezi, usiende. Sitakulaumu."

Namkunda akakaza mkanda wa kifuani, akavuta pumzi, akaondoka.

Alikimbia huku akiimba kwa sauti kubwa ili asisikie kimya. Kibegi chake kilimganda mgongoni, hakikuyumba wala hakikumvuta nyuma. Kwenye kijito alikuta maji yamejaa. Akaingia hivyohivyo, maji yakamfika kiunoni, yakanyakua kiatu kimoja. Akaendelea na kiatu kimoja. Alipofika kituoni mguu wake ulikuwa umechanika kiasi kwamba mlinzi mmoja alidhani yeye ndiye mgonjwa.

"Si mimi!" akafoka. "Leteni machela! Leteni gari hadi linapoweza kufika! Nifuateni!"

Kule korongoni, Shangazi alianza kutetemeka. Kwanza meno, kisha mabega, kisha mwili mzima. Koti lake lilikuwa kwenye kiti nyumbani. Mbonea akatoa mablanketi, makavu, maana alikuwa ameyafunga kwenye mfuko wa nailoni. Akamzungushia yote mawili. Akavua na jaketi lake, akamvika. Akatandaza turubai juu, akawasha jiko, akachemsha maji, akatia sukari nyingi, akamnywesha kwa kijiko. Na alimsemesha bila kukoma.

"Shangazi, usilale. Niambie ulivyokutana na Mjomba."

"Nilimkuta... amepotea njia."

"Halafu?"

"Nikamwonyesha... njia ya kwetu."

Mbonea mwenyewe alikuwa na shati tu, limemganda kama ngozi ya pili. Kutetemeka kwa Shangazi kukapungua. Kutetemeka kwa Mbonea kukaanza.

Kajiru alikuwa amesimama akitazama maji. Walipoingia korongoni, maji yalikuwa ya kulowesha kisigino. Sasa yalikuwa yanalamba kingo za blanketi.

"Tumtoe," akasema.

Wakajaribu kumwinua, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Haikuwezekana. Ukingo wa korongo ulikuwa mkali, unataka mikono yote miwili ishike mizizi. Shangazi akapiga ukelele, ule wa kwanza, na wakamlaza tena. Maji yakapanda kidogo.

Kajiru akavua begi lake jekundu. Akamwaga vilivyokuwa ndani.

"Kisu," akasema.

Mbonea akampa kisu. Kajiru akalishika lile begi alilolichimbia vyoo msimu mzima, akatazama pembeni kidogo, akalitoboa. Tundu moja kushoto, tundu moja kulia, chini kabisa. Wakampitisha Shangazi miguu kwenye matundu, polepole, wakamkalisha ndani kama mtoto kwenye mbeleko. Kajiru akapiga goti, akaingiza mikono kwenye mikanda, akafunga ule mkanda mpana wa kiunoni, akasimama.

Alisimama, akayumba, akasimama tena. Halafu akashika mzizi wa kwanza.

Alipanda korongo lile na mwanamke mzima mgongoni, mikono yake ikiwa huru kushika mizizi na mawe. Mbonea alikuwa nyuma yake, ameuinua mguu uliovunjika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshikilia turubai juu ya kichwa cha Shangazi. Shanta la baba yake aliliacha. Walipofika juu na kugeuka, pale walipokuwa wamekaa palikuwa mto, na shanta lile zito, na fremu yake ya chuma, lilikuwa linakwenda na maji kama jani.

Kajiru akatembea kwenye njia ya ukingoni hadi akasikia filimbi. Namkunda huyo, na kiatu kimoja, na walinzi, na machela. Kajiru akapiga magoti. Walipomfungua Shangazi, Kajiru hakuweza kunyoosha mgongo, ikabidi naye ashikwe.

Jua lilikuwa bado halijazama gari lilipoingia hospitalini.

Daktari alipotoka chumba cha upasuaji, aliwakuta watatu wamekaa kwenye benchi, wamelowa. Akawaambia, "Mgonjwa wenu alikuwa anatafutwa na watu watatu: damu, baridi na maji. Yeyote kati yao angetosha. Angechelewa kidogo zaidi, ningekata mguu au ningewapa pole."

Mbonea akapatwa na nimonia, akalazwa wodi ya jirani, akatoka baada ya Shangazi kutoka. Pumzi yake haikurudi kama zamani, akakatazwa kubeba mizigo mizito. Namkunda alitembelea visigino kwa muda mrefu. Kajiru alikwenda kwenye kazi yake akiwa na begi lililoshonwa viraka, mkuu wa wapagazi akalitazama sehemu ya chini, akacheka, akampa nafasi mtu mwingine.

Miezi ikapita. Shangazi akaanza kutembea kwa gongo, kisha kwa fimbo, kisha akaiacha fimbo mlangoni kwa makusudi ili watu waone. Siku moja ya Jumapili akawaita wale watatu. Mezani palikuwa na begi.

Lilikuwa begi la kijivu, jepesi ajabu. Mikanda mipana ya kiunoni na mabegani, mgongo umewekewa sponji, vifuko pale mkono unapofika, na kitambaa ambacho maji yanateleza juu yake. Fundi wa mjini alikuwa amelishona kwa hema la Mzee Elinihaki, hema alilolipenda kuliko kiti chake. Kitambaa kilitosha begi moja tu. Masalio yasingetosha hata kofia.

"Nataka kumpa mmoja wenu," Shangazi akasema. "Masika yakiisha nitapanda tena, polepole, na atakayelivaa ndiye atakayetembea kando yangu. Njia ile haihitaji kundi. Semeni."

Namkunda akasema, "Shangazi, bila mimi kusingekuwa na machela, wala gari, wala daktari. Nilipita peke yangu mahali ninapoogopa kuliko kifo. Na niliweza kwa sababu nilichagua begi jepesi na mzigo mdogo. Hili ni begi la mtu anayejua kubeba kidogo. Ni mimi."

Mbonea akasema, "Bila mimi daktari angepokea maiti. Mlinicheka kwa mablanketi, yakawa ndiyo uhai. Na koti la Shangazi, Namkunda, nani alilitoa?"

Namkunda akainamisha kichwa. Halafu akakiinua. "Na nani alituchelewesha kwa sufuria hadi mvua ikatukuta?"

Mbonea akakohoa. "Mimi. Na sasa kifua changu hakiwezi tena kubeba kizito. Nikipanda mlima tena maishani, nitapanda na begi kama hili au sitapanda kabisa."

Wakamgeukia Kajiru.

"Niliwapitisha korongoni," akasema. "Hilo najua, silali kwa sababu yake. Lakini nilimtoa huko. Nilikuwa na begi moja na kazi moja, na vyote viwili nilivikata kwa kisu. Wakuu wa wapagazi wanachukua watu tena mwezi ujao. Siombi zawadi. Naomba begi."

"Kisu kilikuwa changu," Mbonea akasema.

"Na nani alikuchagulia lenye mkanda wa kiunoni?" Namkunda akauliza. "Lile la kijani lingekatika ukiwa nusu ya ukingo."

"Na nani aliwaita walinzi wakati mimi nimeishiwa nguvu?" Kajiru akakubali, maana alikuwa mtu wa haki. "Ni wewe."

Baba zao, waliokuwa wamekaa ukumbini wakijifanya hawasikii, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja kwa mwanawe, hadi chai ikapoa. Jirani mmoja aliyevutwa na kelele akasema apewe Kajiru, maana mwenye shida apewe kwanza. Mkewe akamkatiza: zawadi si msaada, apewe Namkunda aliyeishinda hofu yake. Mwingine akauliza, na yule aliyetoa afya yake, ambayo hakuna fundi anayeweza kuishona?

Shangazi Nanzia akalichukua begi, akalipakata. Alikaa hivyo mchana wote, akiwatazama watoto wake mmoja baada ya mwingine, na kila alipotaka kulinyoosha kwa mmoja, aliona mwingine.

Haya basi, wenzangu. Mmoja aliishinda damu, mmoja aliishinda baridi, mmoja aliyashinda maji. Mmoja aliacha koti, mmoja alichelewesha, mmoja alipotosha njia. Mmoja anajua kulibeba begi hilo, mmoja hawezi tena kubeba jingine, mmoja hana kabisa. Shangazi mwenyewe kashindwa kusema, nami aliyenisimulia hakunimalizia. Msijibu wote kwa pamoja, na atakayejibu ajiandae kubishiwa. Je, nani alistahili kulivaa begi lile na kutembea kando ya Shangazi?